Yowe Kwenye Ua wa Minyaa

Kila asubuhi, rimu kuukuu ya gari iliyoning'inizwa mlangoni mwa kanisa ilipogongwa, watoto wa Makao ya Nuru walijua la kufanya. Wadogo walichota maji, wakubwa walifagia uwanja, kisha wote wakapanga mstari kusubiri uji wa ulezi. Robi, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia upande wa mbele, ule unaoonekana kutoka dirishani kwa Mama Modesta. Upande huo alijichagulia mwenyewe, na nadhani mnajua kwa nini. Alipenda kusifiwa.

Makao hayo yalikuwa katika kata ya Gorong'a, wilayani Tarime, nyuma ya ua mrefu wa minyaa. Familia zipatazo thelathini ziliishi humo, zikilima mahindi na mihogo kwa pamoja. Watoto hawakwenda shule, na wagonjwa hawakwenda zahanati. Mama Modesta, mwanzilishi wa Makao, alisema Mungu mwenyewe ndiye humfundisha mtu na kumponya, na yeye akishasema hakuna aliyeuliza tena.

Msidhani alikuwa mwanamke wa kutisha. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti tamu ya kuimba, na alijua jina la kila mtoto. Baba yake Robi alipofariki, ndugu za baba walimfukuza mama yake, Mogesi, wakidai kifafa alichokuwa nacho ni laana itakayoumaliza ukoo. Mama Modesta ndiye aliyewafungulia lango. Alimwekea Mogesi mikono kichwani mbele ya watu, akatangaza kwamba amepona na asimeze kidonge tena. Kweli, miaka miwili ikapita Mogesi hajaanguka hata mara moja. Wageni walipokuja, alisimamishwa mbele wamwone. Robi alimpenda Mama Modesta kwa moyo wake wote, na kama ungemsema vibaya mngegombana.

Jumatano moja Robi alikuwa akipima unga wa ulezi, mkono wake ukagusa kitu ndani ya kopo. Ulikuwa mfuko mdogo wa vidonge. Mogesi alipoona umeshikwa, alifunga mlango, akamkalisha mwanawe chini na kumweleza kila kitu kwa sauti ndogo. Hakuwa ameacha dawa hata siku moja. Kila alipotumwa gulioni kuuza mihogo, alipitia zahanati.

"Asubuhi nasali, halafu nameza kidonge," alisema. "Mungu hajanikasirikia kwa hilo. Lakini Mama Modesta akijua, hawataniacha salama. Umenisikia, mwanangu?"

Robi alisikia, ila alichosikia ni kwamba mama yake ni mwongo. Miaka miwili alikuwa amesimama mbele ya watu kama mtu aliyeponywa kwa maombi, kumbe sivyo. Robi aliona aibu, tena aliona hasira, na siku mbili nzima hakumtazama mama yake usoni.

Ijumaa ilikuwa siku ya Saa ya Usafi. Huo haukuwa usafi wa uwanja. Watu wote waliketi kanisani, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, alisimama kusema kosa alilomwona mwenzake akilifanya wiki hiyo. Aliyesema alipigiwa makofi. Aliyesemwa alipigwa fimbo na Kornelio, mlinzi wa lango, mtu mwenye mikono minene asiyependa maneno mengi. Watoto walikuwa wamezoea. Walisemana kwa kuiba muhogo, kwa kusinzia kwenye sala, kwa kucheka ovyo. Robi hakuwahi kumsingizia mtu, na Mama Modesta alipenda kusema kwamba mdomo wa Robi hauna doa.

Siku hiyo Robi alisimama, akasema habari za vidonge.

Mama Modesta alishuka jukwaani, akamkumbatia Robi, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia kwamba leo amekuwa binti yake wa kweli. Robi alijisikia vizuri mno. Kisha akamwona Kornelio akimvuta mama yake kwa nywele hadi katikati.

Hazikuwa fimbo tatu au nne kama za wizi wa muhogo. Kosa la Mogesi lilikuwa jingine kabisa: alikuwa ushahidi wa uponyaji wa Mama Modesta, na sasa ushahidi huo ulikuwa umevunjika mbele ya watu wote. Robi alihesabu hadi ishirini, akashindwa kuendelea. Gauni la mama yake lilichanika mgongoni na damu ikachuruzika hadi kiunoni. Vidonge vilimwagwa chini, Kornelio akavisaga kwa kisigino. Mama Modesta aliimba muda wote huo, na watu wakaitikia.

Jumatatu adhuhuri Mogesi alianguka shambani. Mwili ulikakamaa, macho yakapinduka, povu likamtoka mdomoni pamoja na damu kwa kuwa alikuwa amejiuma ulimi. Alitulia kidogo, akaanguka tena. Mama Modesta alipofika, alisema pepo waliokuwa wamefichwa na vidonge sasa wamejitokeza, na dawa yao ni fimbo. Wanaume wanne walimbeba Mogesi hadi nyuma ya ghala, wakamfunga kwa kamba kwenye nguzo.

Walianza kumpiga kwa zamu. Mmoja alimpiga mabegani, mwingine mapajani, mwingine alimpiga usoni kwa kiganja akimwamuru pepo ataje jina lake. Mogesi hakuweza kutaja chochote. Kichwa chake kiligonga nguzo kila mwili ulipokakamaa. Robi alilia akiomba waache, na ndipo Mama Modesta alipomwita kwa upole, akamtia fimbo mkononi. Alimwambia pepo humwogopa mtu wa damu moja na mgonjwa, kwa hiyo mtoto naye ampige.

"Piga, binti yangu. Ukimpenda, utampiga."

Robi alimpiga mama yake mguuni, taratibu. Mama Modesta alisema hiyo si fimbo. Robi akafumba macho, akapiga kwa nguvu. Alipofumbua, degedege lilikuwa limetulia kidogo, na mama yake alikuwa amefungua macho akimtazama. Alikuwa amemtambua. Robi aliitupa fimbo na kukimbia.

Hakukimbilia langoni, maana Kornelio alikuwa huko. Alikimbilia kwenye ua, akajipenyeza katikati ya minyaa hadi alipoona mashamba ya jirani, na akapiga yowe.

Kwa Wakurya, yowe si kelele tu. Likipigwa, kila anayelisikia huacha alichoshika, huchukua silaha na kukimbilia linakotoka, kwa sababu mara nyingi wezi wa ng'ombe wameingia. Mtu akipiga yowe la uongo, atajibu mbele ya wazee. Ndani ya Makao, Mama Modesta alikuwa amelipiga marufuku, akisema watu wa Nuru hawamwiti mwanadamu. Robi alilipiga mara tatu. Utomvu wa minyaa ulimwingia machoni, ukamchoma hata asione vizuri, lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi, na alisikia yowe lake likipokelewa shamba la karibu, kisha la mbali zaidi, kisha ng'ambo ya korongo. Kornelio alimfikia, akamvuta mguu na kumtoa kwenye minyaa, akampiga kofi lililompasua mdomo.

Haukupita muda mrefu, wanaume kama hamsini walikuwa langoni wakihema, na mapanga, marungu, pinde na mishale. Mbele yao alikuwa Nchagwa, kamanda wa sungusungu wa kijiji. Aliuliza ni ng'ombe wangapi wameibiwa na wamepita njia gani.

Mama Modesta alimjibu kwa sauti yake tamu kwamba hakuna mwizi. Mtoto mmoja mtundu amechezea yowe, naye ataadhibiwa. Wanaume walianza kunung'unika, maana wengine walikuwa wameacha ng'ombe malishoni. Nchagwa alimtazama Robi, aliyekuwa ameshikwa shingo na Kornelio.

"Mtoto, ni kweli hakuna wizi?"

"Shikamoo, baba. Ni kweli, hakuna ng'ombe aliyeibiwa," Robi alisema, damu ikimdondoka kidevuni. "Ni mama yangu. Wanamuua pale nyuma ya ghala."

Kornelio alimpiga ngumi, Robi akaanguka. Nadhani kama asingefanya hivyo, mambo yangeenda kwa maneno. Kijana mmoja wa kijijini alirusha rungu likamvunja Kornelio mkono, na mapigano yakaanza hapo hapo. Watu wa Makao walirusha mawe, wakimpasua mzee mmoja kichwa. Wanakijiji walibomoa lango. Wanawake walikimbia huku na huku na watoto migongoni, mishale ikipita, na kabla ya watu kujua nani kafanya nini, paa la nyasi la kanisa lilikuwa linawaka. Vijana walimburuta Mama Modesta hadi uwanjani, kilemba kimemtoka, wakaanza kumpiga mateke.

Na Mogesi alikuwa bado amefungwa nguzoni. Hilo ndilo lililomtia Robi wazimu. Watu hamsini walikuwa wamekuja kwa yowe lake, lakini hakuna hata mmoja aliyekwenda nyuma ya ghala. Alijaribu kufungua kamba mwenyewe, vidole vikashindwa. Mama yake alikuwa akikoroma, midomo imebadilika rangi. Robi alirudi mbio uwanjani, akawavuta mashati, akasukumwa. Mwishowe alipenya katikati ya vijana na kumlalia Mama Modesta ili wasiweze kupiga bila kumpiga yeye.

Sisemi kwamba alimhurumia. Alikuwa anamchukia kuliko mtu yeyote duniani. Ila aliona hiyo ndiyo njia pekee ya kuwasimamisha.

"Toka hapo," kijana mmoja alifoka, panga juu. "Tuonyeshe waliompiga mama yako, tuwamalize leo."

"Ni wote," Robi alisema. "Wote walimpiga. Hata mimi nilimpiga, na mimi ndiye niliyemsema. Kama mnaua waliompiga, anzeni na mimi. Lakini kwanza mfungueni mama, anakufa."

Panga lilibaki juu. Wanaume walitazamana, na baadhi walitazama chini. Nchagwa alijisogeza mbele.

"Mura," aliwaambia vijana wale, kama wazee wa Kikurya wanavyowaita, "wekeni mapanga chini. Tumeitwa kuokoa mtu, na huyo mtu hatujamgusa bado. Mwenye pikipiki yuko wapi?"

Mogesi alikatwa kamba, akapakiwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na Robi, Robi amemkumbatia kwa nguvu zote. Katika kituo cha afya alichomwa sindano, degedege likakoma, kisha gari la wagonjwa likampeleka hospitali. Polisi walifika Makao jioni hiyo. Walimchukua Mama Modesta na Kornelio, na waliwachukua pia vijana wawili wa kijijini waliochoma kanisa. Watoto wengine walichukuliwa na maofisa wa ustawi wa jamii hadi ndugu zao wapatikane.

Siku mbili Mogesi hakusema neno. Muuguzi aliyemhudumia, Sarah, alimkuta Robi ameketi sakafuni kwenye korido, akamuuliza kwa nini haingii wodini. Robi alimweleza, na muuguzi hakumkemea. Alimfundisha kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si pepo wala laana, wala hauambukizi. Mtu akianguka, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, mlaze ubavu, usimfunge, usimtie kitu mdomoni, na degedege likizidi dakika tano mkimbize hospitali. Kuacha dawa ghafla bila kumwona daktari kunaweza kuua. Robi alirudia maneno hayo hadi akayashika, lakini bado hakuingia.

Siku ya tatu Mogesi mwenyewe aliagiza aitwe. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki. Robi alisimama mbali na kitanda, akamwomba msamaha. Kisha aliuliza swali ambalo lilikuwa limemnyima usingizi: je, mama aliisikia fimbo yake?

Mogesi angeweza kumdanganya, na wengi wetu tungefanya hivyo.

"Niliisikia," alisema. "Iliniuma kuliko zote. Njoo hapa karibu."

Robi alikwenda, akilia, na mama yake akamshika mkono.

"Sikiliza, Robi. Ijumaa ulisema kweli, na uwanjani, nimeambiwa, ulisema kweli. Ijumaa ulisema kwa sababu ulitaka kupigiwa makofi, na ulimpa ukweli huo mtu aliyekuwa na fimbo mkononi. Mtu wa namna hiyo hatafuti ukweli, anatafuta wa kupiga. Uwanjani ulijua unaweza kufa, ukasema, tena ukaanza na kosa lako. Mimi nataka mtoto wa uwanjani. Na mimi nina kosa langu. Nilisimama mbele ya wageni nikadai nimeponywa, ili tupate pa kulala. Kuna wagonjwa walioniona wakatupa dawa zao. Sijui wako wapi leo."

"Tutafanyaje, mama?"

"Tutawatafuta. Nikipata nguvu, tutapita kijiji kwa kijiji, na nitawaambia kwamba nilidanganya. Na wewe utaanza shule."

Iliwachukua miezi mitano. Waliwapata watu tisa, na wote walikubali kurudi zahanati. Wa kumi alikuwa mvulana wa miaka minane, huko Gorong'a kwenyewe. Mama yake aliwakaribisha vizuri, akawapa maji ya kunywa, kisha akawapeleka nyuma ya nyumba kuwaonyesha kaburi lake.