Bodi Mpya na Kivuli cha Mkude

Bodi-timizi, kamera mpya inayojitimizia yenyewe kinachokosekana kwenye picha, iliweza kuvumilia kila kitu ila pengo. Asubuhi hiyo, katika duka la fundi Mihayo mjini Morogoro, familia moja ilijipanga mbele yake: babu amesinzia, mama amekunja uso, na kijana wao mkubwa hayupo, yuko kazini kwenye kituo cha anga kinachoizunguka dunia. Mihayo akabonyeza. Picha ilipotokea ukutani, babu yuko macho, mama anacheka, na kijana amesimama kati yao ndani ya suti ambayo hajawahi kuimiliki.

"Amekuja na kurudi, hata chai hakunywa," Mihayo akasema. Familia ikaondoka imeridhika.

Zawena alikuwa ameketi pembeni, kamera yake mapajani kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa ya zamani, yenye kioo ndani, ile inayolia *kacha* inapopiga. Siku hizi shata yake, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, ilikuwa inakwama. Na wateja wa harusi walishamkimbia, kwa kosa la kuwaonyesha walivyo.

"Mtani, maiti hiyo bado hujaizika?" Mihayo akamuuliza. Yeye Mnyamwezi, Zawena Mluguru. Kwa watani, hata msibani watu hutaniana.

"Nimeileta kwako. Si ninyi mnaojua kubeba mizigo?"

Mihayo akaifungua, akaichungulia, akaacha kucheka. Shata za namna hiyo hazitengenezwi tena. Njia zilibaki mbili: kuiboresha, yaani kutoa matumbo yote na kutia akili unde ndani ya ganda lilelile, au kubadilisha bodi, yaani mwili mzima wa kamera, achukue timizi na kufunga lensi zake za zamani.

"Ijaribu kwanza," akamwambia.

Zawena akafunga lensi, akaiweka timizi juu ya kiti nje ya duka, akaketi kwenye ngazi peke yake. Taa ikamulika. Kwenye kioo cha nyuma akajiona, na ubavuni mwake mwanamume mwenye meno meupe, mkono begani pake.

"Huyu nani?"

"Mumeo."

"Mkude alikuwa na masikio kama mabawa ya kuku. Huyu muuza dawa ya meno simjui."

Mihayo akakuna kichwa, akaeleza. Mashine huona mjane, humtafuta marehemu kwenye ghala la picha la mji. Ikimkosa, humtunga.

"Na imemkosaje? Mtu kapiga picha mji huu maisha yake yote."

Akajijibu mwenyewe moyoni kabla hajamaliza kuuliza. Mkude alipiga. Nani alimpiga Mkude? Walikuwa wapiga picha wawili ndani ya nyumba moja, na kila mmoja alidhani kazi hiyo ipo tu, itafanyika siku yoyote.

"Basi iboreshe hii hii ya zamani," akasema.

"Uone kwanza ubongo nitakaoutia unavyofanya." Mihayo akatia kadi ya kamera ya zamani kwenye mtambo. Ukutani ikatokea picha ya Zawena kijana, nyuma yake milima ya Uluguru, gauni linapepea. "Tazama. Nakala tu hii, lakini imeng'aa. Hata lile doa jeusi miguuni pako limesafishwa."

Zawena akasogea hadi ukutani, akagusa majani yaliyokuwa yameangaza miguuni pake. Mkude alipenda kulipa jua mgongo. Kila picha aliyompiga, kivuli chake kilitangulia kumfikia: kichwa, viwiko viwili, masikio yale.

"Mtani," akasema taratibu, "hilo doa ndiye mume wangu."

Mihayo akaizima picha ya ukutani. Akatoa kadi na kumrudishia kwa mikono miwili.

Zawena akaitia kwenye kamera ya zamani. "Timizi nitaichukua, maana lazima nile. Hii usiiguse. Njoo nje ukae pale kwenye ngazi."

"Mimi? Na sura hii?"

"Sura hiyohiyo."

Mihayo akaketi, akanyoosha kola. Zawena akazunguka mpaka jua likawa mgongoni pake. Akabonyeza. Haikulia. Akabonyeza tena.

*Kacha.*

Shata ikajifunga, haikufunguka tena.

Wakainamia kioo kidogo cha nyuma. Mihayo alikuwa amefumba jicho moja, kola imekaa upande. Kutoka chini ya picha, kivuli cha mwanamke kilinyooka hadi kwenye viatu vyake, viwiko vimetanuka.

"Umejiingiza kwenye picha," Mihayo akasema. "Nikusafishie?"

"Acha," Zawena akajibu. "Wajue kulikuwa na mtu."