Mshono Uliopotea Kwenye Picha

Katika nyumba hii kuna mashine mbili zisizopumzika. Moja ni cherehani ya mke. Nyingine ni simu ya mume.

Mke ni fundi wa nguo. Hushona sebuleni karibu na dirisha, kwa sababu hapo mwanga ni mzuri. Mume ni mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Wenzake wa kazini wanamwita Fleshi, maana hupiga picha kila kitu. Hupiga misumari. Hupiga marundo ya mabati. Hupiga paka wa mlinzi akiwa amelala juu ya mifuko ya saruji. Hakusomea kazi hiyo, na picha zake hauzi. Anapenda tu.

"Leo umepiga nini?" mke huuliza jioni.

"Kopo la rangi."

"Kopo la rangi! Na mimi je?"

"Wewe hutulii, mke wangu. Kopo limetulia."

Lakini kupiga picha ni jambo moja, na kuitengeneza ni jambo jingine. Fleshi alikuwa kwenye kundi la simu la watu wapendao picha. Wenzake walituma picha zinazong'aa. Zake zilionekana zimepooza. Akaamua kutafuta programu ya kuhariri picha.

Akakuta tatu. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vingi, akaikimbia. Ya pili ilikuwa ya kulipia, akaipita. Ya tatu ilikuwa ya bure, tena ilifanya kazi yote yenyewe. Ukielekeza simu tu, picha inapendeza kabla hujaipiga. Fleshi alijipiga mwenyewe, na chunusi zake zote zikayeyuka.

"Hii ndiyo yenyewe!" alisema.

Programu ikaomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizo kwenye simu. Fleshi akabonyeza *Kubali*. Ikaomba kutumia maikrofoni. *Kubali*.

Mke akasimamisha cherehani. Huyu ni mwanamke ambaye hata chenji ya dukani huigeuza pande zote mbili.

"Ngoja kwanza. Kitu cha kupamba picha kinataka namba ya mama yangu ya nini?"

"Ndivyo zilivyo zote."

"Zote umezijaribu?"

Fleshi alishageukia kwingine. Alikuwa anapiga picha ya ndoo.

Muda si mrefu, mama yake Fleshi akaumia. Mlango wa chuma ulimkata nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Kwa kuwa aliishi peke yake, mwanawe akamchukua. Akalazwa kwenye kochi la sebuleni, lile ambalo wateja wa mke hukalia.

Nesi wa zahanati alikisafisha kidonda na kukifunga. Zahanati ilikuwa mbali, na mama hakuweza kutembea vizuri. Nesi akawaambia, "Kila mkibadilisha bandeji, nitumieni picha. Lakini mguu ukivimba, ukitoa usaha, au mama akipata homa, msingoje picha. Mleteni."

Sasa sikiliza walivyogawana kazi. Kidonda kiko nyuma, kwa hiyo mama mwenyewe hakioni. Anakiosha kwa kupapasa. Mkwe wake alitaka kumsaidia, lakini mama alikataa katakata. "Mkwe wangu aniinamie miguuni? Aibu hiyo siiwezi," alisema. Basi anayepiga picha ni Fleshi. Na Fleshi, mwanaume mzima, akiona damu kichwa kinamzunguka! Hivyo hugeuza uso, akatazama kioo cha simu tu. Na kila akitaka kupiga picha, hufungua ile programu yake.

Watu watatu ndani ya nyumba, na hakuna hata mmoja aliyekiona kidonda kwa macho yake.

Nesi alijibu kila mara, "Vizuri. Kinapona. Endeleeni hivyo hivyo."

Mama naye alisema kila asubuhi, "Kinawaka moto." Fleshi aliyaandika maneno hayo chini ya picha.

Hapo ndipo kushukiana kulipoanza. Wateja walikuwa wanajipimia nguo jikoni, kati ya masufuria. Mke alikuwa amechoka. Akamvuta mumewe pembeni.

"Mimi sisemi kitu," alinong'ona. "Lakini nesi anasema amepona, na mama anasema anaungua. Kuna mtu anatudanganya."

"Unamwita mama yangu mwongo?"

"Nimesema sisemi kitu."

Mama naye hakuwa na amani. Alimwona mkwe wake akiongea na simu dirishani, akakunja uso. Mwanawe alipomletea chai, akamuuliza, "Mkeo amemwambia nini yule nesi? Mbona nesi ananiponyesha kabla sijapona?"

"Hajamwambia kitu, mama."

"Mwulize."

Na Fleshi akashuku dawa. Aliinusa chupa ya dawa ya kuoshea. Akasoma tarehe yake. Akasema lazima duka walikoinunua wameichakachua. Wakawa wanakula kila mtu na sahani yake na mashaka yake.

Siku moja Fleshi akapiga picha nyingine. Kabla hajaituma, mke akanyoosha mkono.

"Lete nione."

Akaikuza picha. Akaitazama. Akaikuza tena. Sura yake ikabadilika.

"Hiki kitambaa kilichotandikwa chini ya mguu ni cha nani?"

"Si chako?"

"Changu nimekishona pindo mwenyewe, zigizaga, uzi wa rangi ya maziwa. Mshono wangu uko wapi?"

"Mambo ya uzi mimi sijui."

"Na mguu huu ni wa nani?"

"Wa mama! Ulitaka uwe wa nani?"

"Mama amevuka miaka sabini. Mguu huu hauna hata mkunjo mmoja. Huu ni mguu wa msichana! Wewe bwana, hizi picha unazipigia kwa nani?"

"Mungu wangu! Nakupigia picha kidonda, wewe unaniletea wanawake?"

"Mnagombania nini huko?" mama aliita kutoka kwenye kochi.

Mke akaenda na simu mkononi. Kitambaa kilikuwa bado chini ya mguu wa mama. Akakishika pindo. Mshono ulikuwepo, zigizaga, wote. Akafungua ile programu, akaelekeza simu kwenye kitambaa. Kwenye kioo mshono ukafifia, kisha ukapotea. Akaiondoa simu, mshono huo hapo. Akairudisha, haupo. Akafanya hivyo mara kadhaa.

"Mama, tazama. Huu ni mguu wako?"

Mama akaishika simu na kuisogeza karibu na macho. "Huu si wangu. Mimi hapa nina kovu tangu utoto. Kovu liko wapi?" Kisha akaelewa. "Kumbe siku zote mlikuwa mnamuuguza mtu mwingine! Ndiyo maana hamkuniamini."

"Nisamehe, mama. Naomba nifungue bandeji. Leo tuweke aibu pembeni."

Mama hakukataa. Mke akafungua taratibu. Harufu ilitoka kwanza. Mguu ulikuwa umevimba. Ngozi ilikuwa imekaza na ina joto, na usaha ulikuwa unatoka pembeni mwa kidonda.

"Njoo utazame," alimwambia mumewe.

"Unajua siwezi."

"Weka simu chini, utazame kwa macho yako."

Fleshi akatazama. Akashika ukingo wa meza. Machozi yakamtoka.

"Mama, nisamehe."

"Utaniomba msamaha njiani," mama alisema. "Kwanza nipeleke zahanati."

Wakaita gari. Nesi alitazama mguu, akatazama picha kwenye simu yake, akatazama mguu tena. Alimgeukia Fleshi kama askari anayemhoji mwizi.

"Nani alinitumia hizi?"

"Mimi, dada. Sikubadilisha kitu. Programu inafanya yenyewe."

"Mimi natafuta uvimbe, usaha na rangi mbaya. Programu yako inafuta hivyo hivyo ninavyovitafuta! Umenifumba macho halafu ukaniuliza naona nini." Akavuta pumzi. "Nami nina kosa. Mgonjwa alisema kinachoma, nikaamini picha."

Daktari wa zahanati alikisafisha kidonda na kuandika dawa za kumeza. Alisema uchafu ulikuwa bado haujaingia ndani sana. Aliongeza kuwa wangechelewa zaidi, mguu wenyewe ungekuwa hatarini. Mke aliposikia hayo alikaa kwenye benchi.

Waliporudi, Fleshi alitaka kuacha picha kabisa. "Simu naiuza," alisema. Siku hiyo jirani yao alikuja kumjulia mama hali. Jirani huyu hufanya kazi kwenye studio, na mtaani anaitwa Mama Pasipoti, kwa sababu ndiye anayewapiga watu picha ndogo za vitambulisho. Akasimuliwa yote.

"Shemeji, kosa si kupiga picha," alisema. "Ulichagua programu kwa uzuri wake. Hukuipima. Sisi tukilainisha uso wa mtu kwenye picha ya kitambulisho, picha inarudishwa, maana mwenyewe hafanani nayo."

"Nitaipimaje, na mimi si mtaalamu?"

"Nipe kitu chenye kasoro unayoijua."

Mke akachomoa kitambaa kibovu kwenye kapu la mabaki. Kilikuwa na tundu, doa la mafuta na mshono uliopinda.

"Safi. Na wewe mwenye jicho la kushuku, kaa hapa. Leo wewe ndiye hakimu."

Mke akavuta kiti mbele, na kwa mara ya kwanza siku hizo akatabasamu. Walianza na ile programu ya Fleshi. Doa likafifia, tundu likawa kama kivuli.

"Nani kakuambia ufute?" mke aliiuliza simu. "Nje!"

Wakapakua nyingine kutoka duka rasmi la programu la simu ile. Mama Pasipoti akawasomesha kwanza jina la waliotengeneza, kisha malalamiko ya watumiaji. "Sifa kila mtu hujisifu," alisema. "Soma wanaolalamika." Programu hiyo haikufuta kitu. Lakini Fleshi alipoongeza mwanga na kuhifadhi, picha ya mwanzo haikuonekana tena.

"Ya kwanza iko wapi?"

"Imeandika juu yake," Mama Pasipoti alisema. "Ukikosea, huna pa kurudi."

"Nje!"

Iliyofuata ikaomba kusoma namba zote za simu. "Kataa," Mama Pasipoti alisema. Fleshi akakataa, nayo ikagoma kufunguka.

"Programu ya picha ifikie picha na kamera, basi. Ikitaka zaidi, iulize ya nini. Ikinuna, iache."

"Si nilisema!" mke alimgeukia mumewe. "Na ile ya kwanza je? Namba ya mama yangu imeshakwenda?"

"Ifungieni ruhusa, kisha muifute. Lakini ilichokwisha kuchukua hamwezi kukirudisha. Watu wenu wakipigiwa simu na wasiowajua, waambieni wawe macho."

Mke alimtazama mumewe kwa jicho ambalo halihitaji maneno.

Ikabaki ile yenye vitufe vingi, ambayo Fleshi aliikimbia mwanzo. Wakaijaribu. Haikuomba namba. Haikugusa doa wala tundu. Fleshi alipoongeza mwanga na kuhifadhi, ikaweka nakala mpya, na ya mwanzo ikabaki palepale. Wakazima intaneti, ikaendelea kufanya kazi. Mke alitafuta kosa, akalikosa, akaudhika kidogo.

"Ni ya bure," alisema. "Siiamini."

"Nayo ni haki yako. Kuna za bure za kweli, na kuna za kulipia zinazosumbua. Zikikuambia mwanzo ni bure, soma baadaye zitakukata pesa ngapi. Na zijaribu hivi hivi, kila moja."

"Lakini vitufe vyote hivi!" Fleshi alilalamika.

"Anza na viwili, shemeji. Mwanga, na kukata pembeni. Vingine utavizoea."

"Na picha ya kidonda?"

"Hiyo isipite kwenye programu yoyote. Tumia kamera ya simu yenyewe, na kama ina sehemu ya kulainisha ngozi, izime. Msogeze mama dirishani. Ukimaliza, tazama mguu, halafu tazama picha. Vikitofautiana, amini mguu."

Toka siku hiyo bandeji ilifunguliwa na mke, na mama hakuona aibu tena. Fleshi alipiga picha huku anatazama. Mwanzoni alikuwa anakaa chini kabisa sakafuni, asije akaanguka. Picha zilikuwa mbaya, za kweli. Nesi alizijibu moja moja, na kila mara aliuliza pia mama mwenyewe anajisikiaje.

Usaha ukakauka. Uvimbe ukashuka. Ikaja picha yenye ngozi mpya, laini. Mara simu ikaita.

"Picha hii imepita wapi?" nesi aliuliza.

"Haijapita popote, dada. Naapa."

"Siamini. Mleteni nimwone."

"Huyu nesi sasa nampenda," mke alisema.

Wakampeleka. Nesi akaubonyeza mguu kwa kidole, huku na huku. "Kimefunga," alisema. "Mama, nenda nyumbani kwako, ukalale usingizi."

Nje ya zahanati kuna ngazi. Jua lilikuwa limekaa vizuri, na Fleshi akaliona. Akakimbia akashuka chini, akainua simu, apate picha ya mama yake akishuka kwa miguu yake mwenyewe. Mama alisimama juu kabisa. Mguu mmoja ulikuwa bado na woga.

"Mwanangu," alisema, "weka hicho kitu mfukoni. Njoo unishike mkono."

Fleshi akaweka simu mfukoni, akapanda. Wakashuka pamoja, mke upande mmoja, mwana upande mwingine, wote wanatazama mguu. Picha ya siku ile haipo.