Bibi Harusi wa Kiti Kitupu

Kiti cha bibi harusi kilikuwa na joto. Mshonaji wa mavazi alikigusa akinyoosha kitambaa cheupe kilichotandikwa juu yake, akauondoa mkono haraka. Tangu asubuhi hakuna aliyekikalia. Kazi ya kiti kile ilikuwa kukaa kitupu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi na vichekesho, ila ya aina yake. Jamaa anaachwa na mchumba, anawasusa wanawake wote wa duniani, anaoa jini. Jini haonekani, kwa hiyo kutwa nzima watu wanamwona jamaa akigombana na hewa, akiibembeleza hewa, akiionea hewa wivu. Wazo lilikuwa la mwongozaji, mtu asiyeogopa chochote isipokuwa ukumbi usio na watazamaji. Jamaa aliigizwa na mpwa wake, mchekeshaji waliyemwita Kiroja, na ukimtazama tu usoni ungejua kwa nini. Mshonaji ndiye aliyekuwa mchumba wa Kiroja, mchumba wa kweli. Harusi yao ilikuwa imekaribia, na gauni lake lilikuwa tayari kwenye cherehani.

"Mjomba, hiki kiti kina joto," mshonaji alimwambia mwongozaji.

"Ni hizi taa, mwanangu. Sogea tupige kazi."

Hapo ndipo walipoharibu. Jini alikuwa amepewa jina la kubuni, mwongozaji akalifuta. Alisema jina linaipoozesha kauli. "Mwambie tu: wewe uliyekaa hapo, nakuoa mbele ya watu hawa."

Kiroja akasema. Timu ikacheka hadi kamera ikatikisika, basi ikabidi warudie. Unawajua watu wa filamu, hawafanyi jambo mara moja likaisha. Wakapiga kwa karibu, wakapiga kwa mbali, wakapiga tena kwa sababu ya kivuli. Kila kibao cha kuanzia kilipogongwa, paa, Kiroja aliachia tabasamu, akakigeukia kiti, akaoa. Mchana mzima alioa, mbele ya mashahidi waliojishika mbavu.

Mwishoni fundi sauti aliomba watu watulie, kama ilivyo desturi ya kazi yake, arekodi ukimya wa chumba. Wakatulia. Yeye peke yake, kwenye hedifoni, akamsikia mwanamke akisema taratibu, karibu kabisa na kinasa sauti, "Nimekubali."

Hakumwambia mtu. Aliogopa kuchekwa, na mimi hilo sitamsamehe.

Siku zilizofuata mshonaji alianza kulikuta gauni lake limebadilishwa. Alilikata kwa vipimo vyake mwenyewe, lakini kila akiamka anakuta kiuno kimebanwa na mikono imerefushwa hadi chini ya magoti, kwa mshono mzuri kuliko wake, na chumba kizima kinanuka nywele zilizoungua. Akafumua, akashona upya. Kesho yake yale yale. Kiroja naye akawa anawazuia watu wasikae karibu naye. "Hapo pana mtu," alisema huku akicheka. Baadaye akawa anasema bila kucheka.

Mambo yalitoka hadharani kwenye chumba cha kuhariri, mchana kweupe. Mwongozaji na fundi sauti walikuwa wanaipitia ile harusi, na kila mahali walipokumbuka timu imecheka hapakusikika kicheko bali mtu analia, kilio cha mwanamke aliyeaibishwa mbele ya wageni wake, na walipojaribu kukipunguza kilipanda, na walipozima mashine kiliendelea ndani ya hedifoni, kisha kikakatika ghafla na sauti ile ile ya taratibu ikasema, "Mmeniita nikaja. Mmenioa mkinicheka. Nitawaonyesha kucheka."

Fundi sauti alivua hedifoni, sikio linachuruzika damu. Ndipo akasema yote.

Mganga waliyemwita alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno. Alinusa mlangoni, akatikisa kichwa.

"Mmemwoa kwa maneno, mtamwacha kwa maneno," alisema. "Pale pale. Mume mwenyewe amwombe radhi, kwa heshima, mara moja basi. Akitamka tena kuoa, hapo mimi simwezi."

Walirudi kwenye seti, penye kile kiti. Mshonaji alisimama ukutani, roho mkononi. Kiroja akapiga magoti mbele ya kiti, uso wake wa kiroja umenyooka.

"Nimekukosea," alinong'ona. "Nilikufanyia mzaha. Nakuacha kwa wema, nenda salama."

Kile kitambaa cheupe kikainuka taratibu, na harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kupungua. Mshonaji akaanza kulia kwa furaha.

Na mjomba mtu alikuwa wapi? Nyuma ya kamera, bila shaka. Alikuwa ameiwasha kimyakimya, maana maishani mwake hajapata kuona tukio zuri namna ile, na picha ilikuwa imeingia ukungu, na mtu yule asingeweza kuiacha picha nzuri ikapotea kwa ajili ya ukungu, hata kama ni mpwa wake aliyepiga magoti pale, hata kama mganga alikuwa tayari anamgeukia na mkono umenyooshwa kumzuia.

"Safi sana, mpwa wangu. Tuanzie mwanzo."

Akagonga kibao.

Mwili wa Kiroja ulikijua kibao kuliko ulivyoijua hofu. Akaachia tabasamu, akakigeukia kiti.

"Wewe uliyekaa hapo, nakuoa mbele ya watu hawa."

"Nimekubali," sauti ikajibu, na safari hii hakuna aliyehitaji hedifoni.

Mwongozaji akaangua kicheko. Hadi leo amelazwa na anacheka, akilishwa anacheka, akisinzia anacheka, machozi yakimtiririka na mikono ikiomba wamnyamazishe. Simwonei huruma hata kidogo.

Mshonaji hakumtazama. Alimkimbilia Kiroja, akamshika mkono. "Mpenzi, simama. Twende nyumbani."

Kiroja akautoa mkono wake polepole, kwa adabu, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu hapendi niguswe."