Aliyeshona Ngozi ya Gia

Siku ya mnada, Tarime mjini, gari la Bwana Mawe lilikwama katikati ya ng'ombe. Lilikuwa gari dogo la mashindano, la kijani, lenye viti viwili na paa la turubai linalokunjwa, na mwaka ule wa 1956 hapakuwa na jingine kama hilo wilaya nzima. Waliokuja kununua ng'ombe waliacha kuwatazama ng'ombe. Wanawake wa samaki wakavu walisimama juu ya mafurushi yao ili waone vizuri.

Dereva, kijana mrefu wa Susuni aitwaye Kisyeri, alikuwa na leso yenye damu kiganjani. Kile kirungu cheusi kilichokaa juu ya mkono wa gia kilikuwa kimepasuka, na kila alipobadili gia kilimkata. Sasa gia yenyewe ilikuwa imegoma, na ng'ombe mmoja alikuwa akilamba kioo cha mbele.

Hapo ndipo Bhoke alipopita na furushi la ngozi kichwani. Alivaa gauni la bluu la mikono mifupi, na mbele alijifunga kipande cha ngozi kama wafanyavyo mafundi viatu. Alisimama akachungulia ndani ya gari bila haya. Chini ya mkono wa gia, pale panapofunikwa ngozi ili vumbi na joto la injini visipande, palikuwa na kipande cha gunia kilichofungwa kwa kamba ya katani, na kamba hiyo ndiyo iliyoikwamisha gia.

“Gari zuri namna hii,” alisema, “mbona kiunoni limevaa gunia?”

Watu walicheka. Kisyeri alitaka kukasirika, lakini alipoinua uso akamwona, hasira ikakosa pa kukaa. Alimjibu kwamba kama anajua kuvalisha magari, basi alete nguo. Bhoke akasema nguo ataleta, ila hajawahi kushona bila kupima. Akatua furushi, akaketi kwenye kiti cha abiria mbele ya soko zima, akatoa uzi, akaanza kupima.

Bhoke alikuwa binti wa Simioni, fundi ngozi wa barabara ya Sirari. Simioni alijifunza kazi hiyo jeshini wakati wa vita, akishona viatu na mikanda ya askari, akarudi nyumbani na mikono inayotetemeka. Mwanzoni ilitetemeka asubuhi tu, baadaye siku nzima. Kwa miaka mitano Bhoke ndiye aliyekata na kushona katika chumba cha ndani, na baba yake alikaa barazani kupokea wateja. Watu wa Tarime walisema hakuna mkono kama wa Simioni. Bhoke aliwasikia kupitia ukutani, akanyamaza, na kila mwaka kunyamaza kulizidi kuwa kugumu.

Kisyeri naye alikuwa mtu wa kutotulia. Alikuwa amechuma chai Kericho, akapakia pamba Musoma, akaendesha lori la ulezi hadi Mugumu, na hakuna kazi aliyokaa nayo mwaka mzima. Mama yake alisema alizaliwa njiani na njia haikumwacha. Sasa alimtumikia Bwana Mawe, Mzungu aliyepima miamba upande wa Genkuru akitafuta dhahabu. Bwana huyo alikuwa akijiandaa kwenda Nakuru kushindana na Wazungu wenzake, na alimwahidi Kisyeri kwamba gia ikitengenezwa vizuri, atamchukua awe fundi wake wa safari zote.

Kwa hiyo kazi ilianza. Kirungu alikitengeneza Kisyeri mwenyewe. Alitafuta ncha ya pembe la fahali, ile sehemu isiyo na tundu, akaikata, akaizungusha kwa tupa mpaka ikajaa kiganjani kama yai. Chini yake alitoboa, akapachika nati ya shaba ili ikaze kwenye chuma. Kisha akaisugua kwa msasa na majivu, mpaka pembe likaonyesha mistari yake ya asali na moshi.

Ngozi ilikuwa ya Bhoke. Alichagua ngozi ya mbuzi, akailainisha kwa mafuta siku tatu, akakata vipande vinne, akavishona kwa uzi uliopakwa nta. Ya kwanza ilishindikana. Kisyeri alipoingiza gia ya tatu, ngozi iliuvuta mkono wa gia ukarudi wenyewe. Bhoke aliifumua yote. Akamwambia Kisyeri apitishe gia moja moja, polepole, yeye akiwa amepiga magoti kando na mkono wake juu ya mkono wa kijana, ili aisikie kila gia inavyotaka nafasi.

“Rudi ya kwanza,” alisema.

“Nimeshairudia mara sita.”

“Irudie ya saba.”

“Bhoke, hii ni gia au unataka tu kunishika mkono?”

“Ningetaka kukushika mkono nisingehitaji gari la Mzungu,” alijibu, na hakuuondoa.

Wiki mbili zilipita hivyo. Kisyeri alikuja kila alasiri akiwa amepiga pasi kaptula yake ya kaki, hata siku ambazo hapakuwa na la kupima. Walizungumza juu ya Nakuru, juu ya Musoma na ziwa lake, juu ya namna mtu anavyoweza kukaa mahali pamoja mpaka akajisikia kama kigoda. Bhoke alisema hajawahi kufika mbali zaidi ya Sirari. Kisyeri akamwambia siku moja atampeleka mpaka njia iishe, naye akamwuliza njia zikiisha watafanya nini.

Siku ngozi ilipokamilika, ilikaa chini ya kile kirungu cha pembe kama majani chini ya ua. Gia zilipita zote bila kukwama. Bhoke aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamwomba Kisyeri jambo moja tu.

“Akikuuliza nani ameshona, mwambie ni Bhoke. Usiseme Simioni. Sema Bhoke.”

Kisyeri akaahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Kesho yake, kambini Genkuru, Bwana Mawe alikusanya watu waone gari lake. Alizungusha gia huku na huku, akaupapasa mshono kwa kidole gumba. Aliuliza kama kazi yote hii, pembe na ngozi, ni ya Kisyeri, na kabla hajajibiwa akasema kwamba fundi mwenye mikono miwili ya namna hii hawezi kumwacha, mshahara utapanda na Jumatatu wanaondoka pamoja. Wafanyakazi walipiga makofi. Kisyeri alifungua mdomo. Aliiona barabara ya Nakuru mbele yake, ndefu, nyekundu, ikimngoja.

“Ndiyo, Bwana,” alisema.

Kezia, mke wa mpishi wa kambi, alikuwepo. Jumamosi alikuja kwa Simioni kutengenezewa viatu, na akasimulia bila nia mbaya, akimsifu kijana wa Susuni ambaye kumbe hushona hata ngozi. Bhoke alikuwa ndani. Sindano ikaingia kidoleni naye hakuisikia.

Jioni Kisyeri alipokuja kuaga, amevaa kofia mpya ya dereva na midomo imekauka, alimkuta amesimama mlangoni. Alianza kueleza: alitaka kusema, Bwana aliongea haraka, watu wakapiga makofi. Bhoke alimwacha amalize.

“Baba yangu huchukua jina langu kwa sababu mikono yake imekufa,” alisema. “Yako ni mizima. Wewe ulilichukua kwa nini?”

Mlango ukafungwa taratibu, bila kishindo, na hilo lilimuuma Kisyeri kuliko kishindo.

Nakuru haikumpa raha aliyoitarajia. Kulikuwa na magari mengi, ngurumo, wanawake wa Kizungu wenye miwani myeusi, na harufu ya petroli asubuhi mpaka jioni. Alizunguka, akafungua plagi, akajaza mafuta, lakini kila alipoingia kwenye gari lile mkono wake ulitua juu ya gia na kukumbuka mkono mwingine. Usingizi ukawa mfupi. Chakula kikawa kazi.

Siku mbili kabla ya mashindano, pete ya chuma iliyoikaza ngozi sakafuni ililegea ikachana mshono. Bwana Mawe akamletea uzi na sindano, akamwambia aishone, maana aliyeishona ndiye anayejua. Kisyeri alikaa na ile ngozi tangu asubuhi hadi saa saba mchana. Alishona, akafumua, akashona tena. Matundu yaliongezeka, uzi ukakunjamana. Mwisho akainuka, akaenda kwa Bwana Mawe, akamweleza kwamba kirungu ni chake, lakini ngozi ilishonwa na msichana wa Tarime anayeitwa Bhoke, na kwamba yeye alisema uongo.

Bwana Mawe hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa nini, na Kisyeri akasema alitaka safari.

“Mtu anayenidanganya juu ya ngozi,” Mzungu alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, “siku moja atanidanganya juu ya breki.” Akamlipa siku zake, akamwachisha kazi palepale.

Kisyeri alituma telegramu Tarime: Bhoke afike posta Ijumaa saa kumi, atampigia simu. Bhoke alisema haendi. Alisema hivyo Alhamisi, akarudia Ijumaa asubuhi. Saa tisa akavua ngozi yake ya kazi, akavaa gauni jeupe la kanisani, ingawa hakuna mtu aonekanaye kwenye simu.

“Bhoke?” Sauti ilikuja ikikwaruza kutoka mbali.

“Sema. Dakika zako zinakwenda.”

“Nimemwambia ukweli. Nimemwambia ni wewe uliyeshona. Amenifukuza.”

“Unaniambia nikuonee huruma?”

“Nakuambia ujue.”

Karani wa posta alijifanya anapanga stempu.

“Huko Nakuru hakuna anayenijua,” Bhoke alisema. “Umenirudishia jina kwa watu wasionihitaji. Ni huku ndiko ulikoninyima.”

“Nitakuja.”

“Kama unakuja, njoo siku ya mnada, watu wakiwepo.” Akataka kukata, lakini mkono ukakataa. “Umekula leo?”

“Bado.”

“Kula,” alisema, akaweka simu chini.

Kisyeri alikuja kwa basi mpaka Kisii, kwa lori la mahindi mpaka mpakani, na kwa miguu kipande cha mwisho. Alifika na koti lenye vumbi begani, kofia ya dereva hana tena. Baraza la Simioni lilikuwa limejaa wateja, na miongoni mwao Nikodemo, mzee wa kanisa, aliyekuja kuchukua viatu vyake. Bhoke alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani.

“Shikamoo, mzee,” Kisyeri alimwambia Simioni.

“Marahaba.”

Kisyeri aliwageukia watu. Alisema, “Mmesikia kwamba mimi nilishona ngozi ya gari la Bwana Mawe, na wengine mmenisifu. Sikushona. Siwezi kushona hata kifungo. Ilishonwa na Bhoke, akaniomba nimtaje, nikaahidi, nikamkana kwa sababu ya kazi. Mbele yenu nasema nilimkosea.”

Simioni alikuwa ameinamisha kichwa, na watu walidhani ameona aibu kwa ajili ya binti yake. Lakini aliinuka, akaikunjua mikono yake mbele yao wote. Ilitetemeka kama majani ya mgomba kwenye upepo.

“Itazameni,” alisema. “Miaka mitano haijashika sindano. Kijana huyu kamkana mwanangu mara moja, na amerudi kusema. Mimi nimemkana kila siku, nikila sifa zake hapa barazani. Viatu mlivyovaa ni vya Bhoke. Vyote.”

Mzee Nikodemo alitazama miguu yake kana kwamba anaiona mara ya kwanza. Kisha akamgeukia Bhoke mlangoni, si Simioni, akamwuliza kama kisigino cha kushoto kitakuwa tayari leo au arudi kesho.

“Leo, mzee,” Bhoke alisema.

Watu walipopungua, Kisyeri alimfuata nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya kuanikia ngozi. Alimwomba msamaha tena, na pumzi ileile akamwomba amwoe. Bhoke akamwambia leo hajibu. Ana mambo mengi kifuani na hataki kuyachanganya. Aje Jumapili baada ya ibada.

Ilikuwa Alhamisi. Kisyeri alikaa Tarime siku tatu, bila kazi na bila safari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apate ndevu. Aliisikia milio ya malori ya Musoma yakipita, na kila moja lilimvuta miguu. Hakupanda hata moja.

Jumapili Bhoke alitoka kanisani amejitanda kanga nyekundu, mvua ikinyunya. Alimkuta Kisyeri ameegemea ua wa kanisa, amelowa.

“Umengoja,” alisema.

“Miguu inaniwasha vibaya.”

“Yangu imeniwasha miaka mitano, hujaniuliza.” Alimtazama mpaka Kisyeri akakosa pa kuweka macho. “Nimekusamehe, na nitaolewa nawe. Ila usinioe ili upate mahali pa kuniacha. Ukiondoka, tunaondoka wote.”

Kisyeri alisema Musoma kuna mwenye mabasi anayetafuta watu wa kushona viti na kutengeneza gia, na kwamba lori linaondoka kesho alfajiri. Bhoke akacheka, akamwuliza kama na ng'ombe wa mahari watapanda lori hilo. Mambo ya ng'ombe ni ya wazee, alisema, na wazee hawaendi mbio. Lakini lipo jambo la leo.

“Lipi, mpenzi?”

“Twende Susuni. Nataka mama yako asikie nikikubali kwa mdomo wangu mwenyewe.”

Kisyeri alisema ni mbali na mvua inazidi. Bhoke alikuwa amekwisha kuvua viatu vyake vya kanisani, amevishika mkononi, anatembea. Ilibidi Kisyeri akimbie kidogo ili amfikie.