Friza Lililouzwa na Chupa Zake

Friza lililohifadhi vinyesi vya watoto waliopooza liliuzwa kwa mlango wa nyuma wa maabara, chupa zikiwa bado ndani. Muda si mrefu lilikuwa linapoza maji ya kunywa katika duka moja Bugembe, kando ya barabara ya Iganga. Mwenye kuliuza alikuwa msomi. Mwaka ulikuwa 1999, na upuuzi huo uliwaangukia watu wawili ambao kosa lao lilikuwa kupendana.

Walikutana soko la Jinja, Jumamosi, watu wamebanana kati ya mafungu ya nyanya na marobota ya mitumba. Nabifo, mtaalamu wa maabara kutoka Mbale, alikuwa na gauni la manjano lililombana kiunoni, viatu vya kisigino na nywele zilizotoka kusukwa. Bogere, fundi wa majokofu, alikuwa anasukuma baiskeli iliyofungwa mota ya friji nyuma. Mota ikamgusa Nabifo, ikaacha mstari wa oili nyongani.

"Bwana, hukuliona gauni?"

"Nililiona, nyabo. Ndiyo maana sikuiona njia," akajibu, akimwita bibie kwa lugha ya huko.

Nabifo alitaka kukasirika akashindwa. Bogere akanunua sabuni na kuomba alifue mwenyewe. Akaulizwa mwenye gauni arudi kwake Nkoma, mtaani Mbale, amevaa nini. Aliposikia Nkoma akasema Mbale huenda mara kwa mara, kununua mafriji mabovu.

"Na yakiisha?"

"Nitakuja hata kama yote ni mazima."

Alikuja kweli, shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa mpaka zikauma. Siku ambazo hakuja alipiga simu kutoka duka la Hajara kule Bugembe, mjane aliyempangisha chumba cha karakana. Hajara, mtoto wake Rania akiwa mapajani, alikuwa akimnyang'anya mkono wa simu ili aulize mahari imefika wapi. Nabifo alicheka hadi wenzake maabarani wakamfungia mlango.

Mahari ndiyo iliyomponza Bogere. Siku moja akimsubiri Nabifo getini, mkuu wa maabara, Daktari Mugweri, alimwita nyuma ya jengo akamwonyesha friza lililokufa. Akataka pesa taslimu, bila risiti, na akamwambia asiongee. Bogere aliuliza kuhusu chupa zilizojaa chini.

"Takataka," Mugweri akasema. "Kamwage mbele ya safari."

Bogere alizimwaga chooni Bugembe, akaliosha friza kwa mikono mitupu, akalitengeneza, akamuuzia Hajara. Hakumwambia Nabifo, alitaka amshangaze kwa zawadi za mahari kwa wazazi wake.

Kisha likaja agizo kutoka Kampala. Polio ilikuwa inafukuzwa duniani, kwa hiyo kila maabara itafute popote virusi vyake vinapoweza kuwa vimehifadhiwa, iviteketeze au ivifungie. Agizo lilikuwa na akili. Ya nini kuchanja watoto kijiji kwa kijiji, halafu ugonjwa utokee kwenye kabati la wanaouwinda? Kazi ya kutafuta alipewa Nabifo. Akakuta friza la vinyesi, ambavyo ndivyo hubeba virusi hivyo, halipo, na Mugweri akamwambia pengine limeibwa.

Jumamosi hiyo alikwenda Bugembe kumwona mpenzi wake, akaliona friza dukani, na mkwaruzo wake ubavuni anaoujua. Rania alikuwa anakunywa maji kwa kikombe cha plastiki. Nabifo alimpokonya.

"Amemaliza matone ya polio?" akamuuliza Hajara.

Hajara akasema alipata ya kwanza tu, biashara ilimbana. Nabifo akambeba mtoto mwenyewe hadi zahanati. Aliporudi alimwaga maji yote, akafunga friza kwa mnyororo, akamuuliza Bogere alikolitoa.

"Kwa mkubwa wako," Bogere akasema. "Nimekosea nini, mpenzi? Mbona unaniangalia kama nyoka?"

Nabifo akamsihi asiliguse, akarudi Mbale. Aliamini daktari akisikia mtoto amekunywa yale maji atashtuka. Mugweri alishtuka, lakini kwa ajili ya cheo chake.

"Ni kweli niliuza," akamwambia, mlango umefungwa. "Lakini wewe na mimi tutasema yule fundi aliiba. Utaandika hivyo, na kazi yako itakaa."

Kabla hajajibu, Mugweri alikuwa ameshawapigia polisi Jinja. Jioni ile Bogere alipigwa mbele ya wateja na kusukumwa kwenye gari. Nabifo alipomfikia kituoni, mdomo wa Bogere ulikuwa umevimba.

"Ulinipenda, au ulikuwa unatafuta friza?"

"Bogere, nisikilize."

"Nilikuambia nilikolitoa. Wewe peke yako. Nenda kwa daktari wako."

Akageukia ukuta. Nabifo alilia barabarani bila kujificha, kisha hasira ikamkausha macho. Watu wanaotuambia tunawe mikono waliuza kinyesi cha wagonjwa pamoja na friza, halafu wakamtafuta wa kufungwa kati ya walioshika sabuni. Akarudi ndani, akamwambia mkuu wa kituo kila neno la Mugweri. Mkuu akampigia Mugweri, naye akakataa katakata.

"Daktari," afande akasema polepole, "friza la kubebwa na watu wanne limepita geti lenye askari, mchana. Huyu kijana alilibeba mfukoni?"

Mugweri akakata simu. Kesho yake Bogere aliachiwa. Afande alimwambia wazi nani amemtoa, na kwamba binti huyo ameshasimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu.

Bogere alikwenda moja kwa moja Nkoma. Nabifo alikuwa anafunga vyombo, kitambaa kichwani, macho mekundu.

"Nilikutukana," Bogere akasema.

"Ulinitukana."

"Nitaanza wapi kuomba?"

"Shika upande ule wa sanduku," Nabifo akasema. "Zito."

Akalishika. Mlangoni akalitua, akamuuliza kama atakubali kuolewa na mtu asiye na kitu. Nabifo akamjibu kwamba asiye na kitu amempata mwenzake, na wasikose gari.

Walioana, wakapanga chumba Walukuba, Jinja. Mugweri alihamishiwa maabara kubwa zaidi. Nabifo alipoteza kazi aliyoisomea na hakuipata tena. Bogere alipoteza meno mawili, na karakana, kwa kuwa wateja waliona haya kuingia kwa mwizi. Hajara alipoteza friza, lililochomwa moto na watu wa afya, na duka lililomlisha. Rania hakupooza. Lakini mama yake, kwa wiki nyingi, alimwamsha kila asubuhi kwa kumfinya miguu, asubiri kuona kama atalia.