Kiuno cha Sketi ya Chiriku

Kila alasiri, akishavua viatu vya shule, Futi alijitundika utepe wa kupimia shingoni na kuingia chumba cha mbele, mama yake alikoshona sare za wanafunzi. Utepe huo ndio uliompa jina. Chumba hakikukosa watu. Wenye nguo za kushona na wasio nazo walibanana kwenye benchi refu. Cherehani ikinguruma, wao wanaishinda.

"Futi, nipime, mwanangu," alisema msusi wa jirani, "lakini usitaje kwa sauti. Ni siri yangu."

"Siri gani, dada? Inaonekana tangu barabarani!" muuza mkaa alidakia, na benchi zima likaangua kicheko.

Chiriku aliingia wakiwa bado wanacheka. Alisoma na Futi darasa moja, umri wake miaka kumi na minne, na jina alipewa kwa kupenda kuongea. Siku hizi alikuwa kimya kama maji ya mtungi.

"Shikamoo, mama. Naomba sketi iachiwe kiuno tena."

"Marahaba. Mara ya tatu muhula huu!" Mama yake Futi, ambaye wote walimwita Fundi, alitania bila kuinua kichwa. "Shangazi yako anakulisha nini?"

Futi alimpeleka mwenzake nyuma ya pazia. Alipozungusha utepe, vidole vyake viligusa kitambaa kilichokazwa tumboni kwa mafundo. Chiriku akaanza kulia bila sauti.

"Nina mimba. Usimwambie mtu. Niapie."

Alieleza kwa kunong'ona. Shule ilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Dereva wa lori la mchanga, mtu mzima mwenye watoto wake, alianza kwa kumpa lifti, kisha viatu, kisha akamwambia awe msiri. "Nilijaribu kumwuliza shangazi mambo ya mwili. Akanifokea, eti nimeyatoa wapi. Nikanyamaza."

Futi aliapa, lakini kwa shingo upande.

Siku nne zilizofuata ulimi ulimwasha. Neno likidondoka kwenye benchi lile, lingefika sokoni kabla ya jua kutua. Akajizuia. Siku ya tano Chiriku alianguka mstarini asubuhi. Alipozinduka alisema hakunywa chai, lakini Futi alijua ni kile kitambaa. Akisema, atampoteza rafiki. Akinyamaza, huenda akamzika.

Alasiri hiyo aliwaomba wateja watoke, akafunga mlango wa mbele jua likiwaka.

"Una wazimu? Watu wako nje!" mama yake alifoka.

"Wasubiri, mama."

Akafungua daftari la vipimo na kuweka kidole kwenye jina la Chiriku: sitini na mbili, sitini na nane, sabini na tano. Mguu wa Fundi ukaacha kukanyaga.

"Nimeifumua mimi mwenyewe," alisema polepole. "Mara tatu. Nikafanya mzaha."

Hakuchukua hata mtandio. Waliongozana hadi kwa shangazi, wakamchukua Chiriku, kisha wote wakaenda zahanati. Muuguzi alifungua yale mafundo, akapima damu, ikawa pungufu sana. "Mtoto yu hai," alisema. "Mngechelewa kidogo, ningesema mengine." Shangazi alilia, halafu akasogea na kumshika Chiriku mkono. Kesho yake walimshtaki dereva polisi, akakamatwa.

Wiki mbili Chiriku hakumsemesha Futi. Ya tatu alimwita mwenyewe, wakapatana.

Benchi nalo liliuliza, tena sana. Fundi aliwajibu, "Hapa tunafumua nguo, hatufumui watu."

Mwaka uliofuata Chiriku alirudi na sketi ileile, mtoto amebaki kwa shangazi. Shule ilikuwa imempokea tena.

"Punguza kiuno, Futi," alisema. "Jumatatu naanza."

Fundi alipitisha kidole kwenye alama za mishono ya zamani.

"Wanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mtu mzima anayekupa kitu na kukuomba ukifiche hakupendi, anakutega. Kimbilia mtu wa kumwambia. Na siri inayoweza kuua haifichwi, hata kama umeapa. Lakini kosa kubwa lilikuwa letu sisi wakubwa: tulijua kupima, hatukujua kuuliza, na mlipouliza nyinyi, tuliwafokea. Sasa niulizeni lolote. Watu wakijaa, mlango ule unafungika. Futi ndiye aliyenionyesha."

Chiriku aliutazama mlango, kisha benchi lililojaa.

"Basi ufunge, mama," alisema. "Nina maswali mengi."