Rundo la Udongo Nyuma ya Nyumba

Mvua ilikuwa imenyesha kijijini Tumati. Nyuma ya nyumba, Evaline alikuwa akikanda udongo wa kukandika ukuta. Mimba yake ilikuwa ya miezi minne. Mwaka jana mimba ya kwanza iliharibika. Hii aliogopa hata kuitaja.

Udongo ulinukia. Evaline alitazama huku na huku, akamega kidonge kwenye rundo la udongo, akakitia mdomoni.

"Ni mtamu?"

Aliyeuliza ni Konsolata, mhudumu wa afya wa kijiji. Evaline akafuta midomo haraka.

"Ni kidogo tu, dada. Ukinukia, siwezi kujizuia."

"Wajawazito wengi wanatamani udongo, mdogo wangu. Sikucheki. Lakini tazama pale."

Paka wao alikuwa juu ya rundo lile lile. Alichimba kishimo, akachutama, akafukia.

Evaline akashika tumbo. "Ndio huo ninaokula!"

Genoveva, mama mkwe wake, akatoka jikoni.

"Shikamoo, mama," Konsolata akamwamkia.

"Marahaba. Mbona huyu ameshika tumbo?"

"Nataka kuwaeleza ugonjwa mmoja. Unaitwa toksoplasmosi."

"Jina refu kama njia ya kwenda Haydom!"

"Jina ni refu, ila ugonjwa wenyewe unakuja kimya. Vijidudu vyake vinatoka kwenye mavi ya paka, vinakaa kwenye udongo miezi mingi. Vimo pia kwenye nyama isiyoiva. Wanawake wengi wa umri wa kuzaa wanavyo mwilini na hawajui, maana hawaumwi. Hatari ni mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akapata shida ya macho au ubongo."

Evaline akaanza kulia. "Basi ile ya kwanza niliiua mimi."

"Hapana. Mimba inaharibika kwa sababu nyingi. Yako hatujui ilikuwa nini. Usijibebeshe mzigo huo."

Genoveva alikuwa ameshaokota fimbo. "Huyu paka leo anahama!"

"Na panya wa mahindi utawakamata wewe, mama?" Konsolata akauliza.

Evaline akacheka na machozi yake. Genoveva akashusha fimbo.

"Paka abaki," Konsolata akasema. "Funikeni udongo. Mavi yake yazolewe kila siku, na mtu asiye mjamzito. Wewe Evaline, acha kula udongo. Nawa kwa sabuni, osha mboga, nyama iive mpaka ndani. Na mwambie nesi kuhusu hamu hiyo. Huenda damu imepungua."

Siku ya kliniki Evaline alisema yote, hata udongo. Nesi hakumgombeza. Alimpima, akakuta damu ni kidogo, akampa vidonge. Hamu haikuisha siku moja. Iliondoka polepole.

Genoveva alifunika rundo kwa bati kuukuu. Kila asubuhi alizoa mavi kwa jembe, akayafukia mbali na bustani, huku akinung'unika.

"Nimelea watoto saba. Leo mimi ni yaya wa paka!"

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti kubwa. Siku waliyorudi nyumbani, Evaline alimfunua uso kwenye mwanga. Mtoto akafinya macho, akageuka upande wa giza.

"Anaona, mama! Njoo umpokee."

Genoveva alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, mikono mbele. Mara akasimama mlangoni.

"Ngoja," akasema. "Nimetoka kwa yule paka. Sabuni iko wapi?"